Mvua ya Elgon Inapimwa Wapi?

Mchana wa Agosti, mtu aliye Bungoma mjini, magharibi mwa Kenya, akitazama upande wa kaskazini huuona Mlima Elgon ukianza kujifunika wingu mnamo saa saba. Ikifika saa tisa mlima hauonekani tena na ngurumo zinasikika. Anayefyatua matofali Kanduyi anakimbilia turubai lake. Huko Kapsokwony, juu mlimani, mvua imekwisha kupiga mabati kwa nusu saa. Kimilili, kilomita chache chini yake, mahindi bado yameanikwa na jua linawaka. Kila mkazi wa eneo hili anajua jambo hili: mvua ya Elgon huchagua. Hulowesha mgongo mmoja wa mlima na kuuacha wa pili.

Chanzo chake ni ziwa na mlima kwa pamoja. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvutwa kuja bara. Inapofika huku hukutana na upepo wa mashariki unaovuka nyanda za juu za Bonde la Ufa. Pande hizo mbili zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu, na Elgon, wenye kilele cha Wagagai cha mita 4,321, huisukuma ipande zaidi. Hewa ikipanda hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na wingu la radi hujengeka katika muda wa saa moja au mbili. Wingu la namna hiyo laweza kuwa na upana wa kilomita tano au kumi tu, na likapita katikati ya vipimo vyote vilivyopo pasipo hata kimoja kulowana.

Ndiyo maana ninalishikilia swali hili: mvua iliyonyesha juu mlimani, Chepyuk au Kaptama, jana jioni ilipimwa na nani, na nani aliijua kabla maji hayajamfikia?

Kitale kuna kituo cha siku nyingi cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na mji huo una historia ndefu ya utafiti wa kilimo unaotegemea kumbukumbu za mvua. Mbegu chotara ya mahindi H611, iliyotolewa mwaka 1964, ilizaliwa huko. Lakini kutoka Kitale hadi Bungoma ni kilomita zipatazo 70 kwa mstari ulionyooka, na kati yake kuna miteremko, mabonde na mito isiyohesabika. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapendekeza kwamba sehemu za milima ziwe na angalau kipimamvua kimoja cha kawaida kwa kila kilomita za mraba 250, na tambarare za bara kimoja kwa kila kilomita za mraba 575. Kaunti ya Bungoma ina kilomita za mraba zipatazo 3,000. Kiwango hicho cha shirika ni cha chini kabisa, tena kiliwekwa kwa ajili ya kujua hesabu ya maji ya mito kwa mwezi na mwaka. Anayetaka kuokoa watu usiku wa leo anahitaji vipimo vingi zaidi ya hivyo, na vya aina nyingine.

Kipimamvua cha kawaida ni mkebe wenye faneli. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huenda, humimina maji kwenye chupa yenye alama, akaandika milimita zilizoanguka kwa saa 24 zilizopita. Ni kazi ya heshima, na bila ya watu hao waliotunza madaftari kwa miongo tusingejua tabia ya misimu yetu. Ila namba ya saa 24 huficha jambo. Milimita 40 zikinyesha polepole usiku kucha huingia ardhini na mkulima anashukuru. Milimita 40 zilezile zikianguka kwa dakika 40 ni habari nyingine. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa ekari moja, milimita 40 ni lita zaidi ya 160,000, yaani tani 160 za maji juu ya shamba la mtu mmoja. Daftari la saa tatu asubuhi litaandika 40 kwa siku zote mbili.

Tofauti hiyo ndiyo inayoua watu milimani. Elgon ni mlima wa volkano ya zamani sana, na miamba yake imeoza kwa muda mrefu hata ikawa udongo mzito, mwekundu, wenye rutuba. Rutuba ndiyo iliyowavuta watu kulima hadi kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha siku kadhaa, maji hupenya mpaka yanapokutana na mwamba mgumu au tabaka la mfinyanzi yasiloweza kulipita. Hapo hujikusanya, na shinikizo lake huanza kuuinua udongo uliolala juu, hivyo ule msuguano unaoushikilia udongo kwenye mteremko hupungua. Miti mikubwa ilikuwa ikisaidia kwa mizizi yake; mahali pengi imekatwa. Kisha inakuja mvua moja kali ya saa chache, na mteremko wote unaondoka.

Tarehe 1 Machi 2010, upande wa Uganda wa mlima huuhuu, kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifukiwa, pamoja na soko na kituo cha afya. Ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 300 waliangamia, na wengi hawakupatikana hata kuzikwa. Bududa ilirudiwa tena Juni 2012, na tena Oktoba 2018 pale mto ulipobeba mawe na magogo mpaka sokoni Bukalasi. Kwetu Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, maporomoko yaliua watu zaidi ya 40 Pokot Magharibi, kaskazini mwa Kitale. Mwaka ule Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na wataalamu walikuwa wametabiri mvua nyingi. Utabiri wa msimu ulikuwepo. Kilichokosekana ni kuambiwa, usiku uleule, kwamba mteremko huu hapa umefika mwisho wa uwezo wake.

Wengine husema setilaiti zitatutosha. Zinasaidia mno, na nisingependa kuzibeza. Setilaiti za Meteosat hutupigia picha ya mawingu kila baada ya dakika chache. Lakini nyingi hukisia mvua kwa kupima ubaridi wa kilele cha wingu: kilele kikiwa baridi sana, wingu ni refu, basi huenda mvua ni kubwa. Milimani kuna mawingu mafupi, yenye vilele visivyo baridi sana, yanayokamuliwa na mteremko wenyewe na kumwaga maji mengi. Setilaiti huyapita kana kwamba hayana kitu. Na hata hesabu zinazochanganya setilaiti kadhaa hutoa wastani wa eneo lenye upana wa kilomita kumi hivi, ambalo ndani yake mna mabonde manne na vijiji ishirini. Zaidi ya hayo, hesabu hizo husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya ardhini. Mahali pasipo na kipimo, kosa la setilaiti halina wa kulirekebisha.

Mambo yameanza kubadilika kwa sababu kituo cha hali ya hewa si lazima tena kiwe uwanja wenye uzio, mnara na maafisa wa zamu. Wanasayansi wawili, Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walianzisha mpango wa TAHMO wakiwa na ndoto ya kuweka vituo 20,000 Afrika kusini mwa Sahara, kimoja kila baada ya kilomita 30 hivi. Ofisi yake kuu iko Nairobi, na vituo vyake vingi vimewekwa katika shule, kwa makubaliano na idara za hali ya hewa. Kuna pia vituo vya 3D-PAWS vilivyobuniwa Boulder, Colorado, ambavyo vipande vyake vya plastiki huchapishwa kwa mashine. Kipande kikivunjika, kingine huchapishwa hapahapa nchini.

Kifaa ambacho TAHMO imekitumia sana kinatosha kubebwa kwa mkono mmoja. Faneli yake hupokea mvua na kuigeuza matone ya ukubwa unaojulikana, na kila tone likidondoka hugusa ncha mbili za chuma na kuhesabiwa. Upepo hupimwa kwa mawimbi ya sauti yanayosafirishwa kati ya vihisio vidogo: sauti huenda upesi ikisukumwa na upepo na huchelewa ikienda kinyume chake, na tofauti hiyo hutoa kasi na mwelekeo. Hakuna kipande kinachozunguka wala kuchakaa. Paneli ndogo ya sola hukipa umeme, laini ya simu hutuma vipimo. Aina nyingine hutumia vijiko viwili vilivyo kama pembea, ambavyo hupinduka kila kimoja kikijaa kiasi fulani, na kila mpinduko huhesabiwa. Ni rahisi na ni imara, lakini mvua ikiwa kali mno maji fulani hupita wakati kijiko kinapinduka, kwa hiyo kipimo hupungua kidogo wakati ambapo tunakihitaji zaidi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Vituo vingi vya aina hii hupima kila dakika chache na kutuma kwa mkupuo mara moja kwa saa, ili betri isiishe na gharama za mtandao ziwe ndogo. Kwa mkulima anayetaka kujua siku ya kupanda, saa moja si kitu. Kwa kampuni ya bima ya mazao, pia si kitu. Kwa familia iliyo chini ya mteremko wa Chepyuk, saa moja ni nyingi mno. Kituo kilichowekwa kwa ajili ya dharura lazima kiwe na kanuni nyingine ndani yake: mvua ikipita kiwango fulani kwa dakika kumi, kisisubiri zamu yake, kitume wakati uleule. Na kiwe kinajumlisha mvua ya siku zilizotangulia, maana udongo uliokunywa kwa wiki nzima huondoka kwa mvua ambayo udongo mkavu ungeimeza bila taabu.

Walio mbali na mlima wana nafasi kubwa zaidi ya kuonywa mapema. Mto Nzoia huanza Elgon na vilima vya Cherangani, hupita Webuye na Mumias, na kuingia Ziwa Victoria huko Budalangi, kaunti ya Busia. Njiani hupokea Kuywa na mito mingine ya Bungoma. Maji ya mvua iliyonyesha juu huweza kuchukua zaidi ya siku moja kufika Budalangi, ambako kuta za udongo zilizojengwa kuuzuia mto zimepasuka mara nyingi, na Mei 2020 maelfu walihama tena. Siku moja inatosha kuhamisha ng'ombe, kutoa magunia ya mahindi, kumbeba mgonjwa. Mwaka 2019 Tume ya Dunia ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi ilikadiria kwamba onyo la saa 24 hupunguza hasara kwa asilimia 30. Kwa hiyo kipimo kilichoko Kaptama ni mali ya mtu wa Budalangi kuliko anavyodhani.

Kituo chenyewe hufa kwa sababu ndogo ndogo. Buibui husuka utando ndani ya faneli. Nyigu hujenga. Ndege hutua juu na kuacha kinyesi juu ya kihisio cha jua. Mwalimu aliyekuwa akikisafisha anahamishwa. Na hapa kwetu kuna adui mwingine, mahindi: uwanja wa shule huwa wazi Februari, na Juni mabua yamezidi urefu wa mtu hatua mbili kutoka kwenye kipimo. Kanuni inataka kizuizi chochote kiwe mbali na kipimamvua angalau mara mbili ya urefu wake. Kaunti ikinunua kituo bila kutenga posho ya mtu wa kukitunza, miaka miwili baadaye kitakuwa kinatuma namba za uongo, na namba ya uongo ni mbaya kuliko kimya, kwa kuwa inaaminiwa.

Halafu onyo lenyewe lifike. Tahadhari za mvua kubwa zinazotolewa Nairobi mara nyingi husema mvua itazidi milimita 20 kwa saa 24 katika kaunti nyingi kwa pamoja. Ni za kweli, lakini mtu wa Cheptais aliyezisikia mara kumi na kubaki salama hataondoka ya kumi na moja. Budalangi ina Bulala FM, redio ya jamii iliyoanzishwa kwa msaada wa Idara ya Hali ya Hewa ili kutangaza mafuriko kwa watu wake, kwa lugha yao. Bungoma ina West FM, na Sulwe FM inasikika kwa Kibukusu. Kule Bunyore, wataalamu wa idara wamekuwa wakikaa na wazee wa ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa kusoma dalili za mvua katika miti, wadudu na ndege, wakalinganisha utabiri wao wa msimu na kutoa kauli moja. Watu waliukubali utabiri huo kwa urahisi zaidi, kwa sababu waliwatambua waliousema. Onyo la usiku nalo linahitaji sauti inayotambulika: naibu chifu, mzee wa kijiji, mhubiri, mtu wa Nyumba Kumi mwenye simu iliyochajiwa.

Na mlima una serikali mbili. Wingu lililoanzia Bududa halijui mpaka, na mto Lwakhakha hunyeshewa pande zote mbili. Vipimo vya Uganda na vya Kenya vingepaswa kuonekana kwenye skrini moja, Mbale na Bungoma kwa wakati mmoja.

Kama ningepewa kuchagua mahali pa vituo vitano vya kwanza, vitatu ningeviweka Cheptais, Chepyuk na Kaptama, kimoja Endebess kwa ajili ya upande wa Trans Nzoia, na cha tano Cherangani, kwenye chanzo kingine cha Nzoia. Kila kimoja kingekaa shuleni, na mtunzaji wake angelipwa kila mwezi na kaunti. Ubaoni nje ya ofisi ya mwalimu mkuu pangeandikwa kila asubuhi mvua ya jana na jumla ya siku saba, kwa chaki, ili mzazi anayepita aizoee jumla hiyo na ajue, ikifika milimita 150, kwamba leo watoto hawalali chini ya mteremko.