Kabla hujauza kioo cha babu, tazama mgongo wake

KIOO cha ukutani kilichoingia madoadoa mara nyingi huonekana ni takataka. Familia inapogawana mali ya marehemu hukiuza kwa bei ya fremu, au humpa fundi akikwangue na kukipaka upya. Hapo ndipo mali hupotea.

Kwa mkazi wa Wandegeya, jijini Kampala, suala hili si geni kama linavyosikika. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mizigo ya Ulaya ikavushwa Ziwa Victoria kwa meli hadi Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka, samani nyingi ziliachwa na kuingia mikononi mwa wengine. Kioo kinaweza kuwa sebuleni leo bila mwenye nyumba kujua kilikotoka.

Basi umri wake utaujuaje? Anza na mgongo. Kwa karne kadhaa vioo vya Ulaya vilitengenezwa kwa bati na zebaki. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alivumbua njia ya kupaka madini ya fedha, ambayo baadaye ilishika soko. Kioo cha zebaki hutoa mng'ao wa kijivu, na mgongo wake ni kama karatasi ya bati iliyofifia. Cha fedha kwa kawaida hupakwa rangi nyuma, na kikizeeka hutoa madoa meusi, hasa kingoni.

Kisha simama pembeni utazame taswira ya dirisha. Ikicheza kama maji, huenda kioo ni cha kabla ya mwaka 1959, kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza mbinu ya kuelea kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka. Mbinu hiyo ndiyo iliyoleta vioo bapa vya leo.

Fremu huonyesha mtindo. Mkangazi wenye maua na majani mazito ya kuchonga huashiria enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Mistari iliyonyooka, vidaraja na miale ya jua ni mitindo ya miaka ya 1920 na 1930. Fremu ikiwa ya mvule, yaelekea ilichongwa huku kwetu. Makerere, kilimani juu ya Wandegeya, ilianza mwaka 1922 kwa kufundisha ufundi, useremala ukiwemo.

Lakini fremu hudanganya. Mitindo huigwa, na fremu kuukuu huweza kutiwa kioo kipya. Chunguza skrubu: zenye kichwa cha msalaba zilienea kuanzia miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye kioo kinachosemwa ni cha Victoria, ujue kimeguswa baadaye, au si cha wakati huo kabisa. Alama moja haitoshi. Mgongo, kioo, mbao na skrubu lazima vikubaliane.

Jambo la mwisho ni afya. Zebaki ni sumu, hivyo usikwangue mgongo unaoushuku, usiupashe moto, wala usiwaache watoto wauchezee. Futa vumbi la mbele kwa kitambaa kikavu, basi. Madoa yale ni cheti cha kuzaliwa cha kioo, na anayeyafuta hufuta sehemu ya thamani yake.