Je, Wajua? Nyoka, Nyuzi za Joto na Jua la Rabai

Nyoka wa Kenya anaota taa Ulaya
Katika nchi kame za Kenya yupo nyoka mfupi, mnene, mwenye mabaka ya hudhurungi na rangi ya chungwa, asiye na sumu. Ujerumani, Uingereza na Marekani watu humfuga sebuleni, na humwita kwa jina la nchi yetu! Hujifukia mchangani, macho yake ya karibu na utosi yakichungulia tu. Ili astawi, upande mmoja wa tangi lake la kioo huwekwa nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na mwingine karibu 26. Huko, wakati wa theluji, joto hilo hulipiwa umeme usiku na mchana. Kwetu Rabai, ambako mchana huwa kati ya nyuzi 28 na 33, karibu lote hushuka bure kutoka angani, na huenda kazi kubwa ya mfugaji ikawa kutafuta kivuli.

Tangi moja, hali ya hewa mbili
Kwa kawaida nyoka hatengenezi joto lake mwilini kama sisi, hulifuata. Akitaka joto husogea kwenye taa, akishiba joto hurudi kwenye ubaridi, kama mzee anayehamisha kiti chake jinsi kivuli cha mwembe kinavyosogea. Ndiyo maana tangi lenye joto moja kila kona humtesa, hata joto hilo likiwa zuri.

Baridi huozesha chakula tumboni
Mpe nyoka panya kisha umwache kwenye baridi: usagaji wa chakula huzorota, panya huanza kuoza ndani, na nyoka humtapika. Tumbo lake hutegemea joto la nje.

Chatu mama ni jiko
Huyu ndiye anayenishangaza kuliko wote. Chatu wa Asia aitwaye chatu wa Burma hujizungusha kwenye mayai yake, kisha hutetemesha misuli na kuyapandishia joto nyuzi kadhaa juu ya hewa iliyomzunguka. Chatu wa kusini mwa Afrika ana mbinu nyingine: msimu wa kutaga ngozi yake hugeuka nyeusi, naye hutoka shimoni kuota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, kisha hurudi kuyakumbatia mayai na joto alilolibeba. Nyoka asiyejitengenezea joto anapata la kuwagawia wanawe!

Jiwe la moto huunguza
Nyoka anaweza kulala juu ya jiwe linalopashwa joto kwa umeme, likipata moto kupita kiasi, mpaka tumbo likaungua, bila kuondoka. Kwa hiyo kifaa muhimu kuliko taa yenyewe ni kidhibiti cha joto, kinachozima umeme kiwango kikifika.

Nyoka wa jirani na barafu
Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka misheni ya Rabai, akaiona theluji ya Kilimanjaro, na wasomi wa London wakakataa kuamini kwamba inakaa karibu na ikweta. Hili nalo lingewasumbua: kwenye nyanda za juu za Aberdare, kati ya mita 2,700 na 3,800, ambako usiku huganda, anaishi jamaa mdogo wa kifutu asiyezidi sana sentimita 35. Hutoka jua linapowaka tu, na mawingu yakifunga hujificha majanini. Ukimleta Rabai, tangi lake lingehitaji kupozwa!

Swila wa Watamu
Huhitaji kufuga ili uone. Kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilianzishwa Watamu na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980. Mwaka 2007 swila mkubwa wa pwani yetu, ambaye kwa miaka alidhaniwa kuwa wa aina nyingine, alitambuliwa kisayansi kuwa aina ya pekee na kupewa jina la Ashe. Kielelezo chake rasmi kilitoka hapo hapo Watamu. Na kama bado unatamani tangi nyumbani, anza na kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya, kwa kuwa sheria ya 2013 hairuhusu kumweka mnyama wa porini bila hicho.