Kwa nini Mmeru husema ‘muntu’ naye Mwembu ‘mundu’

MSAFIRI aliyepanda matatu mjini Embu kuelekea Meru hupita Runyenjes, kisha huteremka hadi mto Thuci. Wengi huuvuka wakisinzia. Kwa sikio la mwenyeji, hata hivyo, mto huo hautenganishi kaunti za Embu na Tharaka-Nithi pekee. Binadamu aliyekuwa “mundu” upande wa kusini sasa ni “muntu”, na ataendelea kuitwa hivyo Chuka, Nkubu, Meru mjini na hadi Maua.

Tofauti ndogo za aina hii ndizo humfichua mzungumzaji hata anapotumia Kiswahili au Kiingereza. Si jambo la mzaha tu. Kumewahi kuwa na nyakati nchini ambapo uhai wa mtu ulitegemea namna alivyotamka neno moja.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakubaliana kwamba neno hilo asili yake lilikuwa na sauti mbili zilizofuatana, n na t. Kiswahili kiliiacha n, tukabaki na “mtu”. Kimeru kilizihifadhi zote mbili. Gikuyu, Kiembu na Kikamba ziliigeuza t ikawa d, kwa kuwa n iliyotangulia iliivuta upande wake.

Mwenye shaka na aitazame ramani. Upande wa Meru atakutana na Nkubu, Ntima, Mpuri, Nchiru na Antubetwe, hili la mwisho likianza na “antu”, yaani watu. Upande wa Embu atasoma Nginda na Ngandori. Ni nadra majina ya mahali kudanganya, ijapokuwa sisi wahariri tumeyachosha kwa tahajia zetu: mto uleule mmoja huandikwa Thuci leo na Thuchi kesho.

Embu na Mbeere wana alama nyingine, nayo ni v. Pale ambapo Gikuyu huwa na h, Kiembu huweka v. Habari ni “uhoro” kwa Mkikuyu na “uvoro” kwa Mwembu. Ndiyo sababu sehemu hizo zimejaa majina kama Kevote, Kavutiri, Evurore na Mavuria. Mwembu aliyehamia Nairobi mara nyingi huitwa Mkikuyu na wasiojua, lakini Mkikuyu wa Kiambu hahitaji zaidi ya v ya kwanza kutambua kwamba huyu si wa kwao.

Hata salamu hutenganisha. Kituo cha redio kinachotangaza kwa Kiembu na Kimbeere kinaitwa Wimwaro, na kimojawapo cha Kimeru kinaitwa Muuga. Yote mawili ni maneno ya kujuliana hali.

Chai na ‘shai’

Mzee wa Murang’a au Nyeri akiagiza chai, aghalabu husikika akisema “shai”, kwa sababu herufi c ya Gikuyu hukaribia sh. Mmeru hana shida hiyo. Sauti ch ameinyonya pamoja na maziwa ya mama: Chuka, Chogoria, Njuri Ncheke. Wachekeshaji wa runinga wanaoiga lafudhi ya Meru hukosea papo hapo, kwani humvika Mmeru kasoro za jirani yake.

Yapo wanayoshiriki wote. Katika lugha hizi b, d na g ngumu hazipatikani ila zinapotanguliwa na m au n. Zikiwa peke yake hulegezwa, au hazipo kabisa. Kwa hiyo mzungumzaji asiyekwenda shule sana ana njia mbili: kuilegeza b ya “baba” bila kukutanisha midomo sawasawa, au kuongeza m na n mwanzoni. Daktari akawa “ndagitari”, pesa zikawa “mbeca”. Saa nayo ikawa “thaa”, kwa kuwa s ya Kiswahili haikuwa na mwenzake wa karibu.

Mwalimu wa Kiingereza husikia hayo akayaita uvivu wa ulimi. Hakuna uvivu hapo. Mtoto huzipanga sauti za lugha ya kwanza akilini kabla hajajua kusoma, na kila sauti ngeni inayofuata husukumwa ndani ya chumba kilicho karibu nayo. Mwingereza anayetamka “ngoma” kana kwamba kuna irabu mbele ya ng anafanya kosa lilelile, ila yeye hatungiwi vichekesho.

Kimeru chenyewe si kimoja. Kuna Imenti, Tigania, Igembe, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka na Tharaka, na mtu wa Maua hupumzisha sikio kidogo kabla ya kumwelewa mzee wa Chuka. Mjerumani Wilhelm Möhlig alichapisha mwaka 1974 utafiti mzima kuhusu lahaja za mashariki ya Mlima Kenya. Orodha ya kimataifa ya Ethnologue inahesabu Kichuka, Kitharaka na Kimwimbi-Muthambi kuwa lugha mbali na Kimeru, ilhali Kimbeere inakiweka chini ya Kiembu. Wambeere wengi hawatafurahi kusikia hayo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu peke yao, wakawa 195,250, huku Waembu wakiwa 404,801, Watharaka 218,905 na Wameru 1,975,869.

Katika maandishi na mahubiri ya Kimeru, Kiimenti ndicho kilichotangulia. Matokeo yake ni kwamba Mwigembe aliyefika Meru mjini aliweza kuchekwa na Mmeru mwenzake kabla hata hajafika Nairobi kuchekwa na wengine. Watharaka kwao wamepata Biblia ya lugha yao wenyewe karne hii.

Walioitazama nchi kutoka mbali hawakuona tofauti hizo. Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilipoizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, iliwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa pamoja. Vivyo hivyo Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, magenge yaliyofunga barabara yaliwataka abiria watoe vitambulisho au wajibu kwa lugha fulani. Kwa aliyeshika panga, v ya Mwembu na nt ya Mmeru mara nyingi hazikuwa na maana yoyote; wote walikuwa watu wa mlimani.

Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka neno “Shibolethi” katika kitabu cha Waamuzi, ambalo Waefraimu walishindwa kulitamka wakauawa vivukoni mwa Yordani. Kinachosahaulika ni kwamba lafudhi hueleza mahali mtu alipokulia, wala si ukoo wake. Mtoto wa Mkamba aliyelelewa Siakago huzungumza kama Mmbeere. Mjukuu wa Mwimbi aliyezaliwa Nakuru huenda hajui hata neno “muntu”.

Mambo yanazidi kuchanganyika. Kando ya barabara hiyohiyo ya Embu na Meru kuna Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Chuka, na mbele zaidi, Nchiru, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Muuzaji wa mboga pale Ndagani husikia Kiswahili cha Kisii, cha Bondo na cha Kericho kabla ya saa nne asubuhi.

Kijana wa Makutano mjini Meru naye hutamka “chai”, “saa” na “daktari” bila dosari, na Kiingereza chake ni cha runinga. Lakini akijikwaa kidole cha mguu gizani, kinachomtoka ni cha Igembe au cha Imenti, na waliosimama karibu hujua ni kipi.