Gome, Ganda na Kumvi: Juu ya Kufasiri Majina ya Viungo vya Mimea

Mninga tuupasuao mbao hapa Mpanda una jina la kitaalamu litajalo Angola: Pterocarpus angolensis, nalo lilitangazwa mwaka 1825. Mkongo nao, Afzelia quanzensis, umepewa jina la mto Cuanza wa nchi hiyo hiyo. Si ajabu, kwa maana miombo yetu ya Katavi ni upande mmoja tu wa msitu ulioenea hata Msumbiji na Angola, nchi zilizotawaliwa na Wareno mpaka 1975. Friedrich Welwitsch, Mwaustria aliyetumwa na serikali ya Ureno, alikusanya mimea ya Angola tangu 1853 hata 1861, na orodha ya mimea hiyo ikachapishwa London kwa Kiingereza kati ya 1896 na 1901. Basi mwalimu atafutaye habari za miti ya namna hii huenda akasoma Kiingereza kilichotoka katika Kireno, kisha akawafundisha watoto kwa Kiswahili. Amevuka mito miwili, na katika kila mto mzigo hupata maji.

Neno lisumbualo kupita yote ni "casca". Kwa Mreno ni gome la mti, ni ganda la chungwa, ni ganda la yai, tena ni kumvi za nafaka. Mwingereza hana budi kuchagua: "bark", "peel", "shell" au "husk", naye akichagua vibaya, mara nyingi hakuna neno jingine katika sentensi la kumwonya. Sisi twasimama katikati. Gome tumelitenga, lakini ganda letu ni pana karibu kama la Mreno. Kwa nazi tu ndipo tulipo wachaguzi kweli kweli, tukapambanua kumbi na kifuu.

Wala jambo hili si la maneno matupu. Kitabu kikisema dawa ni "casca" ya mti fulani, na mfasiri akaandika ganda, mgonjwa ataletewa ganda la tunda badala ya gome, na nguvu za viwili hivyo si moja. Tena katika habari za Angola za zamani, kunywa "casca" hakukuwa kunywa dawa hata kidogo, bali ni kiapo cha sumu ya gome, kile tukiitacho mwavi. Afasiriye neno kwa neno ataandika kwamba mshtakiwa alinyweshwa maganda, na msomaji atapita asijue kwamba amesoma habari ya hukumu ya kufa na kupona.

Katika "caju" kosa ni la kuchekesha zaidi. Mreno humaanisha hasa bibo. Korosho yenyewe huiita "castanha de caju". Mwingereza alilitwaa neno akalipa korosho. Kwa hiyo "caju" jekundu limegeuka korosho nyekundu, kitu ambacho hakionekani sokoni. Watu wa Pwani, waliolipokea kwa sauti ya kanju, hawakuipoteza maana: kanju ni bibo.

Liko na "folíolo", kwa Kiingereza "leaflet", yaani kila kipande cha jani la mninga, ambalo vipande vyake hupangika juu ya kikonyo kimoja. Sarufi ingeruhusu kijani, ila mtoto asikiapo kijani hufikiri rangi. Sisi twaonelea kusema kipande cha jani, na kuwaonyesha watoto tawi lenyewe: penye shina la jani zima pana chipukizi, na penye shina la kipande hapana.