Usidanganywe na nakshi: Siri ya keris imo ndani ya chuma

TUSEME uko kitandani usiku, unapitia video fupi kwenye simu. Mara unakutana na kisu cheusi chenye mistari ya rangi ya fedha inayotiririka kama maji. Bapa lake limepindapinda kama nyoka anayetambaa. Unajiuliza: hii ni rangi? Ni tatuu ya chuma? Ama ni feki tu?

Kisu hicho kinaitwa keris. Utakikuta Bali, Sulawesi na hata Malaysia, lakini kinahusishwa zaidi na kisiwa cha Java, Indonesia. Huko bwana harusi bado hukichomeka mgongoni siku ya ndoa. Nakshi zake zinaitwa pamor, na hapa ndipo wengi hukosea. Pamor haichorwi. Imo ndani ya chuma chenyewe.

Fikiria chapo. Anayeijua kazi hasukumi donge na kulitupa tu kwenye kikaango. Husukuma, akapaka mafuta, akakunja, akasokota, kisha akasukuma tena. Ndiyo maana chapo nzuri ukiichana inaachana tabaka kwa tabaka.

Mhunzi wa keris, anayeitwa empu, hufanya kitu kama hicho kwa moto na nyundo. Huchukua chuma cha kawaida na kingine chenye nikeli, akavipasha moto mkali mno, akavigonga mpaka vishikane, halafu akakunja. Kila mkunjo unaongeza matabaka maradufu. Ukianza na mawili, mikunjo sita inakupa 128! Mwishowe, katikati hupachikwa kipande cha feleji, chuma kigumu kinachobeba makali.

Jinsi anavyokunja, kusokota na kugonga ndivyo nakshi inavyojitunga. Kuna beras wutah, yaani mchele uliomwagika, inayoaminika kumletea mwenyewe riziki ya kutosha. Kuna pia udan mas, mvua ya dhahabu, yenye viduara vidogo vidogo. Hiyo hupendwa na wafanyabiashara, na si vigumu kujua kwa nini.

Nikeli yenyewe ilitoka wapi? Nyingine ilianguka kutoka angani, na si hadithi. Mwishoni mwa karne ya 18, vipande vya kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan, Java, vilipelekwa katika kasri ya mfalme mjini Surakarta. Wahunzi wa kasri walikitumia kutengenezea pamor. Siku hizi wahunzi wengi hutumia nikeli ya kununua.

Sasa twende kwenye sehemu tamu. Keris ikishasuguliwa vizuri, huoni kitu cha maana. Inang'aa tu kama kijiko. Matabaka yote yale, jasho lote lile, yamejificha.

Hapo ndipo asidi inapoingia. Bapa husafishwa kwa maji ya ndimu hadi liwe jeupe, kisha hupakwa warangan, mchanganyiko wa aseniki na ndimu. Chuma cha kawaida hushikwa na dawa hiyo na kugeuka cheusi. Nikeli hugoma, ikabaki nyeupe. Polepole mistari inajitokeza, kana kwamba mtu amewasha taa. Asidi haikuchora chochote. Imefichua tu kazi iliyokuwa humo siku zote.

Na tafadhali, hili si la kujaribu jikoni kwenu. Aseniki ni sumu kali inayoua, na wanaofanya kazi hii wameifunzwa kwa miaka.

Lakini kuna shida moja. Kila keris inapooshwa, kutu na dawa ya zamani hazitoki peke yake. Chuma kidogo nacho huenda. Wengi huosha keris zao mara moja kwa mwaka, katika Suro, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kijava, unaolingana na Muharram. Rudia hivyo kwa vizazi na vizazi, na bapa linabaki jembamba, kingo zake zimeliwa. Kinachoifanya nakshi ionekane ndicho kinachoimaliza. Usipoiosha, kutu inaila. Ukiiosha kupita kiasi, wewe ndiwe unaiila. Mwenye keris ya babu yake anaishi katikati ya hayo mawili.

Mwaka wa 2005, UNESCO iliitambua keris ya Indonesia kuwa urithi wa binadamu wote. Mjini Surakarta, vijana wa umri wako wanasomea utengenezaji wake katika chuo cha sanaa na kupata shahada. Naam, shahada ya kufua keris!

Kwa hivyo ukikutana mtandaoni na muuzaji wa kisu chenye nakshi, usikimbilie kutuma pesa. Kuna wanaochukua chuma cha kawaida na kukichoma michoro kwa asidi juu juu, ngozi tu. Muulize swali moja: nikiisugua kwa msasa hadi nakshi ipotee, kisha niipake dawa upya, itarudi?

Ya ukweli itarudi, kwa sababu haikuwahi kuondoka. Ile feki ikishafutika, imekwisha.