Matumizi ya Jiwe la Travatini Ndani na Nje ya Nyumba

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaojenga au kutengeneza nyumba zao wanajulishwa kuwa jiwe liitwalo travatini, linalotumika kwa sakafu na kuta, lina sifa zake na lina miko yake. Jiwe hili si la bei ndogo, na mtu anayetoa sehemu ya kiinua mgongo chake kulinunua hana budi kujua analonunua.

Travatini ni jiwe la chokaa. Hutokana na maji ya chemchemi, aghalabu ya moto, yaliyobeba chokaa iliyoyeyuka. Maji yafikapo juu ya ardhi, chokaa hujitenga na kuganda tabaka juu ya tabaka. Jina lake limetokana na Tibur, mji wa kale ulio karibu na Roma, ambao leo huitwa Tivoli. Kwa jiwe la huko ndiko ulikojengwa uwanja wa Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80 Miladia. Udumifu wake, basi, hauna shaka. Lakini kwa kuwa ni chokaa, ni ndugu wa mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar, na maadui wao ni wale wale: tindikali na chumvi.

Ndimu, siki na ukwaju huacha juu yake alama iliyofifia isiyotoka kwa kufutwa, kwani si uchafu bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Mnunuzi aombe kipande kilichovunjika, akidondoshee maji ya ndimu, angoje dakika kumi, aone mwenyewe. Kwa meza ya jikoni, itale hufaa zaidi. Aidha, wapo mafundi wanaosafisha mabaki ya saruji kwa asidi. Kufanya hivyo juu ya travatini ni kuharibu kazi siku ile ile inapokamilika. Sabuni laini na maji yatosha.

Chumbani na ukumbini, jiwe lililong'arishwa na kuzibwa vitundu hupendeza na hufagilika kwa urahisi. Barazani, kwenye ngazi na mahali pa kutawadhia lichaguliwe lililoachwa na ukavu wake, kwa sababu lililong'arishwa huteleza likirowa, na wazee ndio waangukao.

Tahadhari kubwa zaidi ni juu ya nyumba za zamani. Kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhi pamoja na chumvi, kisha huutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukuta huo ukibandikwa mawe kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na huenda ukafikia vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, vikaoza bila ya mwenye nyumba kujua. Chumvi nayo huganda nyuma ya jiwe na kulibandua. Kwa kuta hizo, lipu ya chokaa ingali bora kuliko jiwe lolote la kununuliwa, hata kama haling'ari.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mkaazi wa humo anayekusudia kubandua lipu au kubadilisha sakafu anatakiwa apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kabla ya kununua jiwe wala kumlipa fundi.