Je, Wajua? Deni la Nyama Burma na Siku Sitini

Umemkopesha mwenye hoteli nyama hapa Soko la Burma, Nairobi, na sasa akikuona anavuka Barabara ya Jogoo mbio? Kabla hujalisamehe deni, je, wajua...

• ...kwamba Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani Aprili 2021, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu dai liwasilishwe?

• ...kwamba kikomo cha madai yake kilikuwa Sh200,000, kikapandishwa hadi Sh1,000,000 mwaka 2020? Ng'ombe kadhaa wanaingia humo.

• ...kwamba unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na mahakama hiyo haifungwi na kanuni kali za ushahidi? Daftari la madeni na ujumbe wa M-Pesa usivitupe.

• ...kwamba kesi za ardhi, za ajira na za kuchafuliwa jina haziendi huko?

• ...kwamba deni likizidi milioni unafuata Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010, zilizochukua nafasi ya zile za 1948? Hati ya madai sasa huandamana na kiapo, orodha ya mashahidi, maelezo yao na nakala za stakabadhi. Shahidi wa kuibuka ghafla amepungukiwa nafasi.

• ...kwamba hati hiyo hueleza yaliyotokea, aya kwa aya zenye nambari, bila kumwaga ushahidi wote? Kilo ngapi, siku gani, bei gani: basi.

• ...kwamba dai ambalo mdaiwa hakulikanusha katika utetezi wake huhesabiwa amelikubali?

• ...kwamba Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinawataka majaji na mahakimu wasiache haki ipotee kwa sababu ya ufundi wa taratibu tu?

• ...kwamba sheria ya Kenya inakubali Kiswahili katika mahakama za chini, huku Tanzania ikikifanya lugha ya mahakama mwaka 2021?

• ...kwamba hata kanuni zikilegezwa, kalenda hailegei? Deni la mkataba lina miaka 6, madhara kama ya ajali miaka 3, kuchafuliwa jina miezi 12. Muda ukipita, mdaiwa ana ngao.

Basi kila unapokopesha, andika tarehe, kilo na bei, naye mkopaji atie sahihi. Kesi nzuri huanzia kwenye mizani.